Katuni Isiyo na Adui

Muindi wa Tawa anaongea kwa riziki. Wenzake wanalima ndengu, wengine wanauza maembe, yeye anaongea. Kwenye ukumbi wa video wa Kyule, kibanda cha mabati nyuma ya soko chenye mabenchi na pazia zito mlangoni, Muindi hukaa kando ya skrini na maiki mkononi akiwafasiria watu filamu za Wachina, za Wahindi na za Wamarekani kwa Kikamba kilichochanganyika na Kiswahili. Wanaofanya kazi hiyo huitwa madijei, ingawa hawapigi muziki wowote. Na nisikufiche: Muindi hajui Kichina wala Kihindi, na Kiingereza chake ni kile cha kusalimia mkaguzi wa shule. Anatazama midomo, anatazama ngumi, mengine anayatunga. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kazi ile ina sheria mbili, na Muindi alizishika tangu ujana wake. Ya kwanza, usiache kimya. Filamu ikinyamaza, watu wanaanza kusikia njaa zao na jinsi benchi linavyowauma, halafu wanatoka. Ya pili, mtu akitokea tu kwenye skrini, waambie watu kama ni stelingi au ni adui, maana binadamu hawezi kukaa muda wote huo gizani bila kujua amchukie nani.

Mkewe Kanyiva alimpata palepale ukumbini. Enzi hizo mwanamke kuingia mle lilikuwa jambo la kusemwa, lakini Kanyiva aliingia, akakaa benchi la mbele, na akacheka mahali ambapo hakuna mwingine aliyecheka. Muindi akaanza kuongeza maneno kwa ajili ya kicheko hicho kimoja. Aliongeza, akaongeza, mpaka akajikuta anapeleka mbuzi kwa kina Kanyiva kule Kalamba.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Kanyiva alianguka sokoni akipima ndengu. Kufika hospitali alikuwa ameshakata roho. Walisema ni presha.

Siku ya mazishi Muindi alishika maiki mwenyewe. Alishukuru kanisa, akashukuru kamati, akashukuru waliochimba kaburi, akakumbuka mpaka waliotoa masufuria. Alisema vizuri kiasi kwamba watu walipiga makofi, kisha wakakumbuka wako wapi wakaacha. Wanawake walipigana viwiko wakaulizana mbona huyu anasema kama aliyefiwa na jirani. Na wala hawakumsingizia. Muindi hakuhisi kitu. Alingoja uchungu uje jioni, haukuja. Aliungoja wiki iliyofuata, akidhani pengine unachelewa kama wageni wa Nairobi. Baadaye aliacha kungoja. Alikula bila kujua kama chumvi imezidi au imekosa, akaenda kazini, na sauti ikatoka yenyewe.

Nyumbani walibaki yeye na binti yao, Nzisa, wa darasa la sita. Nzisa amepewa jina la mama yake Muindi, kwa hiyo baba yake humwita mwaitu, yaani mama yangu, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Baada ya msiba, mazungumzo yao yalipungua mpaka yakawa mawili. "Mwaitu, umekula?" "Nimekula." Mtu aliyelipwa kuongea mchana kutwa alirudi nyumbani akiwa mtungi mtupu.

Habari hizo zilifika Kalamba. Mama yake Kanyiva, Susu Mutindi, yaani Nyanya Mutindi, kama wajukuu wanavyomwita, akampigia Nzisa simu akasema hivi: shule zikifungwa mwezi wa nne, nakuja kukuchukua, uje ukae kwangu na usomee huku. Hakumpigia Muindi. Hangeweza, na sababu nitaieleza. Nzisa alimpelekea baba yake ujumbe ule, naye Muindi akajibu, "Nimesikia."

"Umesikia, halafu?" Nzisa akauliza.

"Nimesikia tu."

"Baba, usiposema kitu, mimi nitaenda."

Alilisema bila hasira, kama anayesema unga umeisha. Muindi akajikagua ndani akitafuta neno la kumzuia, hakulipata. Alijua anampenda mtoto wake, kama mtu anavyojua mji wa Wote uko upande gani hata akiwa amefumba macho. Lakini kujua si kuhisi. Zilibaki siku chache shule zifungwe.

Siku hizohizo Kyule, mwenye ukumbi, akaleta flashi. "Hii ni katuni ya Wajapani," alisema. "Vijana wa chuo wananisumbua nayo. Iangalie kwanza, ndio Jumamosi usituangushe."

Muindi akaipeleka nyumbani, akaiweka kwenye laptopu, akalala. Siku hizo alilala sana. Aliyeitazama ni Nzisa. Aliitazama akitoka shuleni, akairudia kesho yake, akairudia tena. Baba yake alisikia sauti ndogo za lugha asiyoijua zikitoka chumba cha pili, akageukia ukutani.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa chini. Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna msichana wa kijijini, macho makubwa kuliko uso unavyoweza kubeba, na mama yake amefariki. Msichana anapanda mlima kumtafuta kikongwe mwenye masikio ya mbuzi, ambaye kazi yake ni kushona mawingu yaliyochanika. Anataka kikongwe huyo amrudishie mama. Kikongwe hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anampa sindano.

Muindi alipoona kucha ndefu na yale masikio hakufikiri mara mbili. "Huyo ndiye mchawi!" akanguruma. "Huyo ndiye anayekula mvua ya Makueni! Mnapanda hamvuni, mlidhani ni nani?" Ukumbi ukapiga kelele za furaha. Adui amepatikana, watu wakajiegemeza.

Balaa lilianzia hapo, kwa sababu msichana hakupigana na mtu. Alifua vitambaa. Aliwasha moto. Alipika wali. Muindi akajitahidi. "Anamchunguza! Anatafuta mahali pa kumdunga ile sindano!" Muda ukapita, sindano ikaendelea kushona mawingu. Msichana akaketi na bakuli lake akaanza kula, akala taratibu, akitazama nje, na hakuna muziki wala neno. Kimya kile kikamtisha Muindi kama gari linalorudi nyuma bila dereva. "Sumu!" akasema. "Ametia sumu kwa wali wa mchawi! Sasa mtaona!" Kikongwe akala wali, akaomba uongezwe. Baadaye msichana akamchana nywele.

"Adui afe!" mwanamume mmoja wa mbele akafoka. Wengine wakaitikia. Lakini adui hakufa. Mwishoni mlima wenyewe ulisimama kwa miguu yake, mikubwa yenye magoti, ukaondoka polepole na kikongwe na nyumba yake, naye kikongwe akapunga mkono. Msichana akainama kumuaga, akashuka nyumbani kwao bila mama. Basi. Taa zikawashwa. Watu wakatazamana kama waliokaribishwa pilau wakapewa maji ya kunawa.

"Muindi, hiyo kitu usiweke hapa tena," Kyule alimwambia watu walipotoka wakinung'unika. "Sinema bila adui ni ibada."

Zamani aibu ya namna hiyo ingemnyima Muindi usingizi. Siku hiyo alikunja waya wa maiki, akasema sawa, akaenda zake. Kitu kimoja tu alikuwa amekiona: Nzisa alikuwa benchi la watoto karibu na ukuta, na pale pa sumu aliinuka akatoka.

Alimkuta jikoni akichambua ndengu. Nzisa hakuinua kichwa.

"Baba, yule susu si mchawi."

"Umejuaje? Unajua Kijapani?"

"Wewe unajua?"

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Muindi akavuta kigoda akakaa.

"Pale anakula," Nzisa aliendelea, "anakula tu. Hakuna kitu ingine. Wewe ukaanza kupiga kelele ati sumu."

"Filamu ikinyamaza, watu wanatoka."

"Mimi sikutoka juu ya kunyamaza. Nilitoka juu yako."

Muindi akalipokea neno hilo, akaona kwamba ni zito, lakini halikumuuma. Alijua lingepaswa kumuuma. Akauliza alichoweza kuuliza. "Sasa wewe unaipendea nini hiyo katuni?"

Nzisa akafikiri, vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye ungo. "Hakuna mtu anamwambia pole. Hakuna mtu anamwambia akuwe na nguvu, ati Mungu alimpenda mama yake zaidi. Anapewa kazi, halafu wanamwacha. Na akitembea, wanamwacha atembee mpaka afike. Hawamkati njiani."

"Na mama yake harudi."

"Harudi. Lakini hawasemi uongo mahali yoyote."

Wakaitazama pamoja alasiri ileile, laptopu juu ya meza, jua likiingia kwa dirisha na kufifisha rangi. Muindi alikuwa amezitazama filamu maisha yake yote, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutazama akiwa amefunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu. Kila mara ulimi ulinyanyuka kutaka kusema huyu anafanya hivi, na yule anapanga vile. Akaukanya.

Na bila yale maneno yake akaanza kuona vitu. Msichana alifunga kamba za kiatu, fundo likalegea, akalifunga upya. Haikuwa na maana yoyote katika hadithi. Kuna mtu kule Japani alikaa akachora mtoto akikosea fundo la kiatu, mkono kwa mkono, picha kwa picha, kana kwamba dunia haina jambo kubwa zaidi. Muindi alistaajabu, kwa namna ya mbali. Kwenye filamu zake za siku zote, mtu akivaa viatu ni kwa sababu anakwenda kuua mtu. Aliona pia kwamba kikongwe hakumnyima msichana kitu. Kila alipoombwa alitazama mikono yake, na Muindi akatambua kwamba kikongwe hajui kumrudisha mtu, hajawahi kujua, na anaona haya kukiri. Alikuwa mzee tu aliyezoea kuogopwa, na sasa amepata mtu wa kumpikia wali.

Ningependa kukuambia Muindi alilia. Hadithi ingenyooka. Hakulia. Alihisi tu kwamba sakafu ya saruji ina baridi na kwamba yeye amevua viatu. Tangu Novemba hakuwa amehisi baridi ya kitu chochote, akaiacha miguu yake palepale.

"Anasema nini hapo?" akauliza, msichana alipoinama kumuaga kikongwe na midomo ikacheza.

"Sijui," Nzisa alisema. "Mimi huwa simwekei maneno."

Shule zikafungwa, na Susu Mutindi akafika.

Sasa ile sababu. Kwa Wakamba wa zamani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni na hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani, na mara nyingi ni mwanamume. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya wakwe, na mwenye kuivunja hutoa mbuzi. Vijana wengi wameacha, waliookoka ndio kabisa. Susu Mutindi ameokoka miaka mingi na ni mzee wa kanisa, lakini nthoni hakuiachia mtu. Mchungaji alipomuuliza, alimjibu kwamba Yesu hakuwa na mkwe, kwa hiyo hakuacha maagizo. Hata kaburini alisimama upande wake na leso mbele ya uso, na Muindi upande wake.

Kwa hiyo Susu alikaa nje ya mlango kwenye kigoda, mgongo ukutani, begi miguuni. Muindi alikaa ndani, mgongo kwenye ukuta huohuo. Kila mmoja alisikia hata pumzi ya mwenzake. Na kwenye kizingiti, katikati, akasimama Nzisa, abebe maneno ya huku na ya kule, yeye ambaye ndiye shauri lenyewe. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mwambie babako nimefika salama."

"Baba, Susu amefika salama."

"Mwambie Susu karibu."

"Susu, karibu."

Chai ikapita, habari za mvua zikapita, habari za kuku zikapita. Kisha Susu akaiweka chini bilauri.

"Mwambie babako nimekuja kwa ile maneno. Mtoto wa kike hawezi kukaa na mwanamume ameshona mdomo. Ataota ukungu. Kama anakubali, twende sasa. Kama anakataa, aseme anakataa, na aseme ni kwa nini."

Nzisa akageuka. "Baba, Susu anasema kama unakubali, twende. Kama unakataa, useme ni kwa nini."

Muindi alifungua mdomo, na ile sauti ikaja bila kuitwa, nzito, tamu, yenye mwendo. "Mwambie Susu kwamba kwa niaba ya familia yote tunashukuru kwa upendo wake mkuu, na kwa vile malezi ni jukumu letu sote mbele za Mungu na mbele ya jamii—"

Alipomaliza, Nzisa alikuwa bado amemtazama. Hakugeuka upande wa Susu.

"Mbona hupeleki?"

"Hiyo sipeleki," mtoto alisema. "Hiyo ni ya video."

Nje, Susu alikohoa. Yeye alikuwa amesikia kila neno, lakini neno lisilopelekwa halijasemwa, akangoja. Muindi naye akatazama miguu yake. Zilikuwepo sentensi nyingine nyingi, na aliziona zote zimejipanga, kila moja tayari kutoka, na akajua Nzisa atazikataa zote. Akazikataa yeye kwanza. Kimya kikaingia ndani ya nyumba, na safari hiyo hakukijaza.

"Mwambie naogopa," alisema mwishowe. Sauti ilitoka imekwaruza, ndogo.

"Susu, baba anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Baba, unaogopa nini?"

"Nilimzika mama yako na sikuhisi kitu. Nilisema vizuri, wakapiga makofi, na sikuhisi kitu. Mpaka leo. Naogopa ukienda, itakuwa hivyohivyo. Nitaamka, utakuwa haupo, na sitahisi kitu. Halafu nitakuwa nani?"

Nzisa akageuka. Akayapeleka maneno yale bila kuyapamba, akiyatamka moja moja kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Susu, baba anasema alimzika mama na hakuhisi kitu. Anaogopa mimi nikienda pia hatahisi."

Muindi alingoja karipio. Tangu ile simu alikuwa amemhesabu mwanamke yule kuwa mtu anayekuja kumchukulia mtoto, na alijua hasa atakavyosema. Lakini Susu hakukaripia. Walimsikia akisugua magoti yake kwa viganja, akayasugua tena.

"Mwambie babako hata mimi," alisema. "Nilimzaa, nikamnyonyesha, na nikimfikiria nasikia tu kama nimekaa kanisani nangoja matangazo yaishe. Kila mtu ananiambia Mutindi una imani. Si imani. Hakuna kitu ndani. Nilisema nikuchukue, labda nikikuona kila siku na hayo macho ya Kanyiva, nitalia kama watu."

Hiyo ilikuwa zamu ya Nzisa kugeuka ndani aipeleke. Aligeuka nusu, akafungua mdomo. Alimtazama baba yake, akamtazama nyanya yake, mmoja upande huu wa ukuta na mwingine upande ule, migongo yao imegusana kasoro tofali.

"Sasa hiyo mimi niipeleke wapi?" aliuliza, na akaanza kulia.

Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mikono imening'inia, kama alivyokuwa hajalia kaburini kwa sababu kila mtu alimwambia awe na nguvu. Alimwita mama yake. Akasema anataka mama, hataki Kalamba, hataki Tawa, anataka mama. Akakaa kwenye kizingiti.

Muindi alitoka mbio ndani, Susu akainuka nje leso ikianguka, wakafika kwa mtoto kwa pamoja, wakapiga magoti kando yake, na nyuso zao zikakutana karibu kabisa. Hakuna aliyekwenda kichakani. Muindi aliona mwanamke mzee mwenye meno machache na paji la uso la Kanyiva. Sijui Susu aliona nini, lakini alimtazama sana, kisha akamwambia yeye mwenyewe, bila mtu wa katikati, maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia.

"Muindi, mimi nitakaa hapa kwanza. Lete maji, mtoto anawe uso."

Muindi akaenda nyuma ya nyumba kwenye pipa. Alipoinama kuchota, kifua kilimbana, kikamuuma kweli, uchungu wenyewe, ule wa Novemba, na ikambidi aweke kata chini ashike ukingo wa pipa kwa mikono miwili. Akamwita Kanyiva. Akamwita tena, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Kisha akajaza beseni, akawapelekea maji.